Mwezi wa tatu Masasi

Tulipotoka Kakamega, Kenya, kuja umisionari huku Mtwara, Tanzania, nilijua lugha ndiyo haitatusumbua. Wapi! Siku ya kwanza sokoni nikamwambia mama muuza ming'oko (mizizi ya porini ya kuchemsha), "Nipe ya elfu moja." Akanitazama, akacheka. "Mwanangu, hata salamu?" Niliona aibu, jamani. Siku hizi ni shikamoo kwanza, halafu "naomba". Mchungaji wangu naye anamenya ming'oko kwa vidole, anachovya kwenye chumvi na pilipili kama kazaliwa hapa.

Wamisionari Waanglikana wa UMCA, kutoka Uingereza, walifika Masasi 1876, kwa hiyo sisi tumechelewa kidogo tu.

Jana kitinda mimba karudi vidole vimebabuka, kabangua korosho na watoto wa jirani. Bibi yao keshampaka mafuta ya nazi. Leo kaenda tena.