Farasi aliyekuwa akimponza bwana wake

Mezani kwetu tunacheza mchezo wa kuigiza mashujaa kwa kete, Dungeons & Dragons, toleo la 5 la mwaka 2014, na msimamizi ni mimi. Rafiki yangu ana shujaa mpanda farasi. Kila pambano lilikuwa vurugu: nilikuwa nampigia farasi kete yake mwenyewe ya kupanga zamu. Farasi akipata 18, bwana wake 6, basi mnyama anatimka futi 60 hadi katikati ya mazimwi, na shujaa amekaa tu juu ya tandiko anatwangwa akingoja zamu yake. Tulicheka, ila jamaa alishaanza kununa.

Kosa langu. Nilisoma upya: mnyama aliyefunzwa, ukimwongoza, zamu yake ni yako, na vitendo vyake ni vitatu tu: kukimbia, kukwepa, au kujitoa bila kushambuliwa anapoondoka. Kupiga mateke ni kwa mnyama anayejiamulia mwenyewe.

Jumamosi tukajaribu. Farasi akasimama futi 10 kutoka kwa zimwi, mkuki mrefu wa mpanda farasi ukachoma (kwenye futi 5 mpandaji angepiga kete mbili na kuchukua ndogo), kisha akajitoa, akapenya kati ya mazimwi wengine. Marungu yakabaki hewani. Sasa natafuta mazimwi wenye pinde.