Siku moja na maji ya jibini

Saa 11 alfajiri. Njombe ya Julai: koti juu ya sweta, na bado unatetemeka. Maziwa yanafika kwa bodaboda yameshapoa yenyewe. Laktomita ya kunasa maziwa yaliyotiwa maji, kipimo cha spiriti kinachogandisha yaliyoanza kuchacha, napokea lita 140. Ndoo moja narudisha. Mama mwenye ndoo ananuna, lakini maziwa yameganda kwenye spiriti akiyaona.

Saa 1. Sufuria mbili motoni. Maziwa ya jibini ni nyuzi 63 kwa nusu saa, basi.

Saa 2 kasoro. Nikiwa nje na mteja, pua inanasa harufu ya maziwa yaliyopikwa, ile yenye salfa kwa mbali. Naingia mbio. "Samahani dada, simu iliita," anasema msaidizi wangu. Kipimajoto kwenye sufuria moja: 86.

Harufu hiyo ni ya beta-laktoglobulini, protini ya maziwa ambayo kwa kawaida hubaki kwenye maji ya jibini. Kwenye maziwa mabichi chembe zake hukaa mbili mbili, zimejikunja, salfa imefichwa ndani. Joto likipita nyuzi 70 hivi zinakunjuka, salfa inachomoza na kukamata jirani yeyote: chembe mwenzake, au kapa-kaseini iliyotanda juu ya vijibonge vya kaseini, protini inayofanya jibini. Vijibonge vikishavishwa koti hilo, hata utie renneti, kimeng'enya cha kugandisha jibini, havishikamani vizuri. Unapata uji, kisu hakina cha kukata.

Kwenye yogati, koti hilo hilo ni mali: inakuwa nzito na haitoi maji ovyo. Nikapoza sufuria hadi 43, nikatia kimea cha yogati, nikafunika kwa blanketi. Sikugomba sana.

Saa 6 mchana. Sufuria iliyosalimika imeshatoa jibini. Yamebaki maji yake, ya kijani-njano, ambayo wengi huwapa nguruwe. Mimi nayarudisha motoni. Yakifika 85 yanapauka kama maji ya mchele, na hayaendi mbali zaidi: chembe zimeshikana vikundi vidogo, lakini chaji zao za umeme bado zinasukumana. Hapo nadondosha limau, kijiko kwa kijiko. pH, kipimo cha uchachu kinachoshuka asidi ikiongezeka, ikikaribia 5.5 msukumano unalegea, na mawingu meupe yanaanza kupanda. Usikoroge! Ukikoroga unayavunja. Nikachota rikota, jibini laini la maji haya, kilo mbili na ushee.

"Dada, tukizidisha limau si tutapata nyingi zaidi?" anauliza msaidizi.

Nikamwachia ajaribu kwenye glasi: maji ya jibini mabichi, limau bila huruma mpaka pH 3, kisha moto. Akaichungulia dirishani. Hakuna bonge. Asidi ikizidi hivyo chembe zote zinabeba chaji chanya, zinakimbiana hata zikiwa zimekunjuka.

Saa 10 jioni. Chini ya sufuria ya asubuhi kuna ukoko mweupe, mgumu. Ni protini ile ile, safari hii imeng'ang'ania chuma. Kostiki soda, glavu, brashi. Anasugua aliyepokea simu.

Nafunua blanketi. Kijiko kinasimama. Mteja wa asubuhi amerudi kuulizia jibini, ameondoka na lita tano za yogati.