Hela niliyoiua kwa ndimu

Tangu ninunue ditekta, mashine inayolia ikipita juu ya chuma au shaba iliyofukiwa, ile ya bei chee tu ya kuning'iniza mkononi, mtaa mzima huku Mikindani unajua natafuta mali ya Mjerumani. Mi natafuta sarafu tu jamani. Ila mtu ukishavaa hedifoni ukawa unapita chini ya mikorosho ya babu unapunga dude kushoto kulia kama unafyeka majani yasiyokuwepo, nani atakuelewa?

Na kazi yenyewe ni takataka tu muda mwingi, vizibo vya soda, misumari, betri zilizooza. Ufukweni ndo kabisaa, mchanga uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme kwa hiyo mashine inapiga kelele bila kitu, mpaka nikaamua nisishuke huko, nakomea mchanga mkavu juu ya pale maji ya bamvua yanapofika.

Sasa siku hiyo ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha usiku, udongo laini. Mashine ikatoa sauti nyembamba, safi, nikipita huku ipo nikigeuka nikapita kwa kukatiza bado ipo palepale. Msumari haulii hivyo, msumari unakoroma, tena ukigeuka unapotea. Nikachimba kama shubiri hivi, nikavunja bonge kwa vidole, kakatoka kaduara ka kijani kadogo kuliko kizibo cha soda.

Hapo ndo nilipofanya ujinga. Nikakimbilia jikoni nikachukua ndimu na majivu nikasugua kama bibi anavyosugua sufuria, dakika kumi shaba ikawa inang'aa kama waya mpya. Maandishi yakatokea, 1 HELLER katikati ya majani, upande wa pili taji na mwaka 1909, na herufi J ambayo maana yake imepigwa Hamburg. Nikampelekea babu mbio.

Babu akaigeuza geuza. "Heleri?"

"Ndo hela yenyewe hiyo babu, neno limetoka hapo." Nikamweleza kwamba mwanzoni Mjerumani alikuwa na sarafu inayoitwa pesa, rupia moja pesa 64, halafu 1904 wakabadilisha, rupia ikawa heller 100. Kwa hiyo tukisema pesa au hela tunataja sarafu za watu waliokwishakufa.

"Miaka yote nalia sina hela," babu akasema, "kumbe ipo chini ya mkorosho wangu."

Nikaituma picha kwa mzee mmoja wa Dar anayekusanya sarafu za zamani. Jibu lake fupi: "Ungeniletea na ukijani wake mwanangu." Kumbe ule ukijani uliotulia ndo ngozi ya shaba, ukitia ndimu asidi inakula na michoro, na majivu yanachora mikwaruzo ambayo haifutiki tena. Hakuitaka. Iliuma, sio siri.

Siku hizi nikipata kitu nakiloweka kwenye maji ya betri, yale maji masafi ya chupa na SIYO asidi, msije mkachanganya mkanilaumu, udongo ukitoka nakiacha kikauke chenyewe. Sarafu naishika kwa ukingo tu. Naiweka kwenye bahasha ya karatasi, sio vile vifuko laini vya plastiki maana vingine vinatoa utelezi unaokula shaba, halafu juu ya bahasha naandika mkorosho gani na kina gani. Boksi la viatu, pamoja na vile vifuko vya punje vinavyokuja na viatu kwa ajili ya unyevu, maana hewa ya bahari huku haina huruma.

Kuna wanaoniambia nenda Kilwa Kisiwani, kule kuna sarafu za masultani. Zipo kweli, za shaba, za kina Ali bin al-Hasan, maandishi yake ya Kiarabu yana vina, unaanza upande mmoja unamalizia wa pili kama shairi, na chache zilishaokotwa mwaka 1944 visiwa vya Wessel huko Australia. Ila kule huchimbi bila kibali, Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Na hata bila sheria, baada ya ile ndimu mi mwenyewe sijiamini.

Juzi kaja jamaa na bodaboda, anataka rupia ya tembo, ile ya dhahabu iliyopigwa Tabora 1916. Nikamwambia sina, nikamtolea heller yangu. Akaishika, akaisogeza kwenye mwanga.

"Mbona inang'aa hivi, mmetengeneza wenyewe?"