Pedali laini ya NZE: Jumamosi nne uani Buruburu

Jumamosi ya kwanza

Naandika haya mikono ikiwa bado inanuka mafuta ya breki, maana nikingoja hadi kesho nitajisifu kwa mambo ambayo sikuyafanya.

Gari ni Toyota Corolla NZE ya 2004, diski mbele, dramu nyuma, na kilomita ambazo sitazitaja. Miezi miwili iliyopita wili silinda ya nyuma kushoto, yaani silinda ndogo ya gurudumuni inayosukuma lainingi zibane dramu, ilianza kuvuja, tairi likawa linalowa upande wa ndani. Nikalipeleka kwa fundi wa jua kali. Akabadilisha wili silinda zote mbili za nyuma pamoja na lainingi, akatoa hewa, akanirudishia ufunguo. Gari lilikuwa linasimama, siwezi kumsingizia. Ila pedali ilikuwa kama unakanyaga godoro. Nilirudi kwake mara mbili. Ya kwanza alitoa hewa tena. Ya pili aliniambia, "Boss, hizi NZE ndivyo zilivyo."

Mke wangu, ambaye ndiye hulitumia gari siku za kazi, alishazoea. Akikaribia bampu anapampu mara mbili ndipo anakanyaga, kama mtu anayebisha hodi kabla ya kuingia. Kilichonitisha mimi ni Desemba. Tukienda Narok kwa wakwe tunashuka Mai Mahiu, ile barabara ya zamani iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Pale ukikaa nyuma ya malori unanusa breki za wenzako kabla hujaliona bonde.

Leo nimefungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki tu na kuangalia. Mafuta ya breki mapya yana rangi ya asali nyepesi. Yangu yalikuwa rangi ya strungi, ile chai isiyo na maziwa. Maana yake ni ya zamani, na ya zamani maana yake yamenyonya maji, kwa sababu mafuta haya huvuta unyevu wa hewani hata yakiwa ndani ya gari. DOT 3, moja ya madaraja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishakuwa na maji asilimia 3.7, kiwango hicho huteremka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yakichemka ndani ya wili silinda hugeuka mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa ya kawaida inavyobanwa. Mafuta yenyewe hayabanwi, ndiyo maana mguu wako unaweza kusimamisha tani nzima ya chuma. Penye hewa, nguvu ya mguu inaishia kuikamua hewa badala ya kusukuma lainingi.

Nimenunua mikebe miwili ya nusu lita ya DOT 4. Muuzaji alitaka kuniuzia mkebe mkubwa uliokwisha funguliwa kwa bei ya kutupa. Nilikataa. Mkebe uliokaa wazi rafuni msimu mzima wa mvua ni wa nini?

Jumamosi ya pili

Hii ndiyo siku ya kutoa hewa, na ndiyo siku niliyoharibu mambo.

Vifaa havikuwa vingi: jeki, stendi mbili, tofali za kuzuia magurudumu, spana ringi, chupa ya soda ya nusu lita na mrija wa dripu kutoka duka la dawa. Mrija huo ni mweupe na unapitisha mwanga, na kuona ndani ni nusu ya kazi. Kifuniko cha chupa nilikitoboa kwa msumari wa moto, mrija ukaingia hadi chini, nikatia mafuta kidogo ili ncha izame. Ncha ikikaa nje, nipeli ikiwa wazi mguu ukiinuka unavuta hewa ile ile uliyotoka kuitoa. Nipeli, zile skrubu ndogo za kutolea hewa kwenye kila gurudumu, nilikuwa nimezipulizia dawa ya kutu tangu Alhamisi usiku. Ukiikatia nipeli ndani ya kalipa, kile kifaa kinachobana diski, mradi wa Jumamosi unageuka mradi wa mwezi.

Msaidizi alikuwa mpwa wangu, yuko kidato cha pili, anajua kila kitu. Tulikubaliana maneno manne tu. Mimi nasema "Kanyaga." Yeye anakanyaga polepole akihisi uzito, anajibu "Imeshika." Nafungua nipeli robo mzunguko, pedali inashuka, anasema "Imefika" na hainui mguu. Nafunga. Ndipo nasema "Achilia." Injini imezimwa muda wote. Tena si kupampu haraka haraka, kwani kufanya hivyo kunaipasua hewa kuwa povu dogo dogo linaloganda kwenye paipu.

Chini ya pedali niliweka kipande cha mbao. Masta silinda, pampu kuu inayosukumwa na pedali, kwenye gari kuukuu huwa na sehemu ya mwisho ambayo mipira yake haijawahi kufika kwa miaka, na pale mna kutu na uchafu. Ukiruhusu pedali ifike sakafuni, mipira inapita juu ya kutu hiyo na kuchanika. Unaanza na tatizo la hewa unamaliza na la masta silinda.

Sasa, kuhusu kuanzia gurudumu lipi. Video nyingi zinakwambia uanze nyuma kulia, kwa sababu ndilo lililo mbali zaidi na masta silinda. Waliozirekodi wako Marekani, dereva anakaa kushoto. Huku kwetu usukani uko kulia, masta silinda iko kulia, kwa hiyo gurudumu la mbali ni nyuma kushoto. Nikaenda hivyo: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Baadhi ya magari yana mpangilio wake, basi kitabu cha gari kiheshimiwe kuliko mimi.

Nyuma kushoto ilianza vizuri. Strungi ikashuka, kisha mapovu, makubwa kama punje za mtama, yakipanda mrijani kwa mstari. Nilifurahi mno. Nilikaa pale nimepiga magoti kwenye kabro nikiyahesabu kama mtoto, kanyaga, achilia, kanyaga, hadi mpwa wangu akasema, "Anko, sasa haina uzito kabisa."

Kikopo cha mafuta kilikuwa kikavu. Nilikuwa nimesahau kuongeza. Yale mapovu ya mwisho yaliyonifurahisha nilikuwa nimeyaingiza mwenyewe kutoka juu.

Tukaanza upya, na safari hii nikaweka sheria: kila kanyago tano, mtu anainuka na kuangalia kikopo. Bahati yangu gari hili halina ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame ukifunga breki. Hewa ikishaingia kwenye kile kifaa cha ABS, mara nyingi huitoi bila kompyuta ya kukiamrisha. Katika haraka ya kujaza, nikamwaga mafuta kwenye fenda na sikuosha papo hapo. Yanakula rangi. Doa ni kubwa kama sarafu ya shilingi kumi, na liko upande ambao mke wangu huingilia.

Saa kumi na moja jioni mafuta yalikuwa yanatoka safi magurudumu yote manne, bila povu hata moja. Nikakanyaga.

Ikaenda chini karibu kama zamani.

Jumamosi ya tatu

Sikugusa spana leo. Nilikaa ndani ya gari na mguu wangu.

Nilichokuja kutambua ni kwamba neno "laini" lilikuwa limenificha mambo mawili. Kabla ya kutoa hewa, pedali ilikuwa inabonyea na kurudi kama sifongo hata ukipampu. Sasa usifongo umekwisha. Kanyago la kwanza linakwenda mbali, lakini linapofika linashika vizuri. La pili, likifuata upesi, linashika juu kabisa, gumu kama jiwe. Ukingoja kidogo, la kwanza linakwenda mbali tena. Hiyo si pedali laini, ni pedali ndefu. Kanyago la kwanza lote linatumika kusogeza kitu hadi kifike mahali pake, na la pili linakikuta tayari kimefika.

Nilijaribu masta silinda: injini imezimwa, nikakanyaga kwa nguvu na kushikilia dakika nzima. Haikuzama. Nikawasha injini mguu ukiwa pale pale, pedali ikashuka kidogo, maana yake busta, kile kifaa kinachousaidia mguu, inafanya kazi.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyeendesha lori la Mombasa miaka mingi, alisimama dirishani akaniambia ni mwinuko. "Huku juu breki ni nzito, ukifika Mombasa zinakuwa tamu." Ana ukweli wake. Busta hutumia tofauti kati ya mgandamizo wa hewa ya nje na utupu wa injini, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo msaada unapungua. Lakini huo ni uzito wa mguu, wala si umbali wa pedali. Nilimwambia hivyo kwa adabu. Akacheka, akasema, "Basi bana hosi moja moja uone."

Nilipaswa kulifikiria mwenyewe: hosi ikibanwa gurudumu lake linatengwa, na pedali ikipanda, tatizo liko huko. Nilichukua vaisigripu, koleo la kujifunga, nikavika meno yake vipande vya mpira ili yasikate, nikabana taratibu hosi ya mbele kulia. Hakuna badiliko. Mbele kushoto, hakuna. Nyuma kushoto, pedali ikapanda. Nikabana na ya nyuma kulia pia, na pedali ikasimama juu, ngumu, kama ya gari jipya.

Basi ni nyuma, na ni pande zote mbili. Mzee alikuwa ameshaondoka, sikuwa na wa kumpigia kelele za furaha.

Jambo jingine lilikuwa limekaa mbele ya macho yangu wiki zote hizi. Handibreki ukiivuta ilikuwa inalia "tik" mara 12 ndipo inashika. Mke wangu alilisema zamani, mimi nikadhani ni kebo.

Jumamosi ya nne

Dramu za Toyota zina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Unaingiza bolti mbili, unazikaza kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule, na dramu inajisukuma yenyewe kutoka. Nyundo haihitajiki. Alama za nyundo zilizokuwa kwenye dramu yangu zinaonyesha kuwa si kila mtu anajua. Vumbi la ndani nililiosha kwa maji na sabuni, sikulipuliza, maana halifai kwa mapafu. Wala sikutumia petroli, ambayo huvimbisha mipira ya wili silinda.

Lainingi zilikuwa nene, mpya, nzuri. Na zilikuwa mbali na dramu kiasi cha kuniaibisha kwamba sikufungua mapema.

Kati ya lainingi mbili kuna ajasta, fimbo fupi yenye nyuzi na kigurudumu cha meno. Lainingi zinapoisha, kidole kidogo cha chuma husukuma jino moja moja kila nafasi inapozidi, ajasta inarefuka, lainingi zinakaribia dramu. Nilikishika kile kidole na kukisukuma kama kinavyojisukuma chenyewe. Jino moja. Jino jingine. Nikaangalia nyuzi.

Ajasta ilikuwa inaingia ndani. Ilikuwa inafupika.

Nilifungua upande wa pili, na kule pia inafupika. Ajasta ya kushoto na ya kulia zina nyuzi za kinyume, na fundi alizibadilishana. Nahisi alifungua dramu zote mbili pamoja, akamwaga vitu vyote kwenye gunia moja. Kwa hiyo kila tulipotumia breki na mfumo ukajaribu kusogeza lainingi karibu, ulikuwa unazirudisha nyuma. Angeweza kutoa hewa hadi Krismasi.

Hata hivyo hewa ilikuwepo, mapovu niliyaona kwa macho. Yalikuwa matatizo mawili yaliyokaa kwenye pedali moja, na kulitatua la kwanza ndiko kulikolifanya la pili lionekane.

Nilizihamisha, kila moja kwao, nikipiga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote, na nikakamilisha upande mmoja kabla ya kuendelea na wa pili. Nyuzi nikazipaka grisi kidogo. Baada ya kurudisha dramu nilizungusha kigurudumu cha meno kwa bisibisi bapa kupitia tundu la nyuma hadi gurudumu likakwama, kisha nikarudisha meno 8. Gurudumu likazunguka huru, likikwaruza kidogo sana. Nikatoa hewa tena nyuma kwa tahadhari tu. Hapakutoka povu.

Handibreki sasa inalia mara 7.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi nililitoa, mkono kwenye handibreki, kasi ya mtu anayetembea ndani ya korti yetu ya nyumba, halafu 20, halafu 40 kwenye Mumias South Road kukiwa bado hakuna matatu. Pedali inashika juu, kanyago la kwanza sawa na la pili. Nikirudi nyumbani nikagusa dramu zote kwa mgongo wa mkono, hakuna iliyokuwa na joto la ajabu.

Yaliyobaki: hosi za mbele zina nyufa ndogo juu ya mpira, nitazibadilisha kabla ya Narok. Chupa ya mafuta machafu nimeiandika SUMU kwa kalamu nene na kuipandisha juu ya kabati, maana yakiwa kwenye chupa ya soda yanafanana na juisi. Doa la fenda halijagunduliwa.

Jumatatu nilisahau kumweleza mke wangu. Alifika bampu ya kwanza, akapampu mara mbili kama kawaida yake, na mara ya kwanza tu gari likasimama wima, viazi vikatoka kwenye mfuko kiti cha nyuma vikaviringika hadi chini ya miguu yetu. Akanigeukia. "Umeifanya nini hii?"