Bibi wa kitanda cha dirishani

Kuna swali limenigandia tangu juzi na halitaki kubanduka. Matokeo ya chuo cha uuguzi yametoka (nimefaulu, asanteni kwa dua), dada amevishwa pete, wodi yetu imehamishiwa ghorofa ya juu, lakini kichwani mwangu yuko bibi wa kitanda cha dirishani tu.

Nilikuwa nampima presha. Mkono umeegemezwa usawa wa moyo, naachia hewa taratibu, naye akaanza, "Mjukuu wangu, kazi hii..." Nikamnyooshea kidole asubiri, maana kuongea kunapandisha presha. Akasubiri. Nilipotoa stethoskopu masikioni akaendelea palepale.

"...umesomea wapi?"

"Chuoni, bibi."

"Chuoni, au kwenye simu?"

Sista wa zamu akacheka. Si kicheko kikubwa, kile cha puani. Nikasema, "Kote kote, bibi," nikaandika kipimo, nikasogea kitanda kinachofuata.

Kote kote! Jibu gani hilo? Tangu siku hiyo nimeshamjibu bibi bafuni, njiani, hata kwenye foleni ya chakula. Kuna wakati namweleza kuhusu 2020, mwaka ambao Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutenga kwa ajili ya wauguzi na wakunga, miaka 200 tangu azaliwe Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa. Mwaka huohuo corona ikafunga madarasa, na wanafunzi wa uuguzi wakaambiwa wawashe simu. Sherehe kweli ile. Sisi tuliokuja baadaye tumeukuta utaratibu umeshakaa.

Kuna wakati namwambia ukweli unaoniuma. Mwalimu anauliza, "Mnanisikia?" Tunaandika "ndiyo", kamera zote zimezimwa, nusu yetu tumetoka zamu ya usiku na tuko kitandani. Mtandao unakata katikati ya kipimo cha dawa, ukirudi yuko mada nyingine. Siku ya somo la presha alituchezea rekodi ya sauti za mshipa. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, wapi! Sauti zile ni nzito, za chini, na spika ndogo ya simu haiziwezi. Korotkov, daktari Mrusi, alizieleza mwaka 1905, na mpaka leo lazima upate mkono wa mtu. Mimi nilizisikia kwa mwenzangu wa chumbani, tup, tup, zikafifia, kimya. Nusura nipige vigelegele.

Ila nisiionee simu. Somo la figo ningelielewa wapi? Darasani ukimwomba mwalimu arudie mara ya tatu anakunja uso. Video haina uso wa kukunja, nami nililirudia lile somo mpaka mwenzangu akaniomba nivae vipokea sauti.

Basi jana bibi akaniita. "Wewe wa simu!" Nikasema haya, leo namjibu.

"Mjukuu wangu wa damu naye anasomea uuguzi. Kutwa yuko na simu, mama yake anamgombeza kwamba anachezea. Ni kweli kuna masomo mle?"

"Yapo, bibi. Tena magumu."

"Na atajua kupima kama wewe?"

"Akipata mkono wa kupimia."

Akautoa mkono wake kwenye shuka, mwembamba, ule wenye plasta ya dripu, akautazama kama anaukagua. "Akija Jumapili umfundishe kwa huu."

"Kwa huo mwingine, bibi. Huu una dripu."

Tulicheka mpaka jirani akageuka. Sasa nairudia upya ile "au kwenye simu?" na kila nikiisikiliza naona ilikuwa na wasiwasi kuliko dharau. Kicheko cha sista ndicho sijakipatia udhuru, na sijui kama nataka kukitafutia. Jumatatu niko naye tena zamu moja.

Halafu Baba. Leo amepiga mara mbili na kukata kabla sijapokea. Mnamjua, yeye akipiga hapigi kidogo, ataita mpaka simu iombe poo. Mama naye hapatikani. Ngoja nimpigie Baba.