Virusi vya shayiri na jeni za ngano

Mtu akisikia virusi kwenye ngano anawaza hasara tu, na kweli BSMV, virusi vinavyochora michirizi kwenye majani ya shayiri, ni ugonjwa kabisa. Ila kama unataka kujua jeni fulani ya ngano inafanya kazi gani, hivi ndo vya kuvitafuta.

Mchezo uko hivi: mmea ukivamiwa na virusi vya RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa jeni) unaikatakata ile RNA vipande vya herufi kama 21 hadi 24, alafu unavitumia kusaka RNA yoyote inayofanana navyo na kuiharibu, sasa wewe unachomeka kipande cha jeni ya mmea wenyewe ndani ya virusi, unasugua kwenye jani changa, na mmea ukianza kupigana na virusi unajizimia na jeni yake humohumo. Wiki mbili tatu unaanza kuona kitu, wakati kutengeneza ngano ya GMO ni miezi kibao, na hapa DNA ya mmea hujaigusa.

Kwenye shayiri mbinu hii ilionyeshwa 2002 kwa kuzima PDS, jeni ya kutengeneza karotenoidi (rangi za njano na machungwa za mmea), na bila hizo klorofili inaunguzwa na mwanga, jani linakuwa jeupe. Ngano ikafuata 2005.

Na ngano ndo utamu wenyewe ulipo, maana ngano ya mkate ina jinomu (seti nzima ya jeni) tatu, A, B na D, jeni nyingi zina nakala tatu, unazima moja mbili zinafidia huoni chochote, yaani umefanya kazi bure. Kipande kimoja kinachofanana na nakala zote kinazipiga zote kwa mpigo.

Shida zipo. Jeni inapungua nguvu, haifi, tena kwa mabakamabaka, na virusi vikizaliana vinakitupa kile kipande ulichochomeka. Pia usilinganishe na mmea mzima usio na virusi!! linganisha na uliopewa BSMV yenye kipande cha kitu ambacho ngano haina, kama GFP (jeni ya protini inayong'aa kijani), hasa ukichunguza magonjwa, kwa sababu virusi vyenyewe vishauamsha ulinzi wa mmea. Na ukienda kupima kwa qPCR (kipimo cha kujua RNA ya jeni ipo kiasi gani) weka praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha sehemu ya kupimwa, nje ya kipande ulichochomeka, la sivyo utakuwa unapima RNA ya virusi na utasema jeni imepanda badala ya kushuka.