Siku zege lilipopakwa krisma

Kabla ya siku ile parokia yetu ilikuwa na kila kitu isipokuwa kanisa. Paroko alikuwepo, kwaya ilikuwepo, na rejista ya ubatizo ilikuwa imeshajaa majina yetu, maana miaka yote hiyo tulisali katika ukumbi wa shule. Jumapili alfajiri madawati yalisogezwa, meza ikatandikwa kitambaa cheupe ikawa altare, na adhuhuri kila kitu kikarudi mahali pake. Ndiyo maana naumia nikisikia watu wakisema makanisa mapya ya mjini hayana historia. Yetu ilianza zamani, hata jiwe la msingi halijawekwa.

Nilikuwa mtumishi wa altare. Kazi niliyopangiwa siku ya kutabaruku kanisa, yaani kuliweka wakfu, ni kumfuata askofu nikiwa na pamba na taulo.

Tulikusanyika nje, milango imefungwa. Wajumbe wa kamati ya ujenzi wakamkabidhi askofu funguo na ramani ya jengo. Utaratibu wa ibada hiyo, ule uliotolewa mwaka 1977, unaruhusu hapo mtu aeleze jengo lina nini cha pekee, na aliyesimama kueleza alikuwa mama mmoja wa kamati, mhandisi, mtu wa maneno machache. Siku hiyo alisema mengi. Alijua wazee wananung'unika: kanisa gani hili, duara, zege tupu, kama ghala?

Akatukumbusha kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika hati yake juu ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka waamini wasihudhurie Misa kama wageni au watazamaji bubu. Mwaka uliofuata ukatoka mwongozo kwamba altare kuu ijengwe mbali na ukuta, padre aweze kuizunguka na kuadhimisha akiwaelekea watu. Kwa hiyo viti vyetu vinaizunguka altare pande tatu, na hakuna aliye mbali nayo. Kuhusu zege, akasema si jambo la jana. Mwaka 1923 huko Le Raincy, karibu na Paris, msanifu Auguste Perret alimaliza kanisa la parokia la zege lisilofunikwa. Vita vilikuwa vimepita, fedha zilikuwa haba, naye akajaza kuta vioo vya rangi mpaka jua likawa ndilo pambo. Wazee wakasikiliza. Sidhani wote walikubali, lakini manung'uniko yalikoma.

Milango ikafunguliwa, tukaingia tukiimba. Ndani hakukuwa na mshumaa hata mmoja uliowaka, altare ikiwa jiwe tupu. Maji ya baraka yakanyunyizwa, masomo yakasomwa, litania ya watakatifu ikaimbwa, masalia ya watakatifu yakawekwa chini ya altare. Nakiri kwamba hayo nayakumbuka kwa juu juu tu. Kinachonijia wazi mpaka leo ni mafuta.

Askofu alivua kasula, vazi lake la juu la Misa, akafungwa kitambaa cheupe kiunoni, akamimina krisma, yaani mafuta matakatifu yaliyochanganywa na manukato ya balsamu, katikati ya altare na kwenye pembe zake nne. Kisha akaanza kuisambaza kwa kiganja, taratibu, mpaka meza yote ikang'aa. Harufu ya balsamu ikatanda. Nilikuwa hatua moja tu kutoka kwake, na niliona mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono. Baada ya hapo tukazunguka kuta, kwenye misalaba 12, kila mmoja ukapakwa krisma. Ukuta ulikuwa umebaki na alama za mbao zilizoshikilia zege lilipomwagwa. Hata vifundo vya mbao vilionekana. Juu ya jiwe la altare krisma ilikuwa imekaa ikimeta, lakini ukutani ilinywewa papo hapo, ikaacha doa jeusi. Pamba yangu haikupata cha kufuta.

Halafu chetezo cha makaa kikawekwa juu ya altare, ubani ukapanda, altare ikavishwa, mishumaa ikawashwa na taa zote kwa mara moja. Watu walilia waziwazi, wakiwemo wale wazee.

Hati ya kutabaruku iliandikwa nakala mbili, moja ya jimbo, nyingine ya kanisa letu. Nilikuja kuihitaji nikiwa mtu mzima, mjumbe wa baraza la parokia, pale lilipoletwa pendekezo la kupiga lipu na kupaka rangi kuta zote ili kanisa "lipendeze". Nilisimama nikaomba ile hati isomwe kwanza, yote, pamoja na sahihi zake. Kisha nikawaomba wajumbe tutoke pale ofisini, twende kuitazama misalaba. Tuliporudi tulipiga kura, na rangi ikaishia kwenye ofisi na nyumba ya mapadre.